Nimestaafu, nina miaka 57, nataka cheti cha kufundisha Kiingereza

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma. Nilisoma uhazili Tabora enzi za hatimkato na taipureta, nikafanya kazi ya katibu muhtasi miaka 31 katika taasisi moja ya umma, na mwaka jana nikastaafu kwa hiari. Kiinua mgongo nimepata, baada ya kikokotoo kupitisha panga lake. Nimemalizia nyumba, zimebaki kidogo benki.

Ilianza hivi. Mwezi wa pili jirani aliniletea Mkongomani mmoja muuza vitenge. Alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa msambazaji wake wa Guangzhou, wa Kiingereza, na hakuambulia kitu. Nikamsikilizia, nikamwandikia jibu. Kesho yake akarudi: "Mama, si unifundishe tu?" Nilicheka. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili, na leo ninao saba, Wakongomani watano na Warundi wawili. Tunakaa kibarazani jioni mara tatu kwa wiki, kila mmoja ananipa shilingi 3,000 kwa kipindi. Mwalimu, tangu niache ofisi sijawahi kuisubiri jioni namna hii.

Kijana wangu wa pili yuko Dubai. Kusikia hivyo akasema, "Mama, tafuta cheti cha kimataifa, utaitwa Korea, wanalipa na nyumba wanakupa." Akanitumia tangazo. Nikawasiliana na wakala mmoja, nikamlipa shilingi 380,000. Nikapewa namba ya siri, nikaingia kwenye mtandao wao, kila sura na maswali yake ya kuchagua jibu. Siku ya kumi na moja cheti kikafika kwa barua pepe, kina mhuri wa dhahabu na kimeandikwa saa 120. Mwalimu, sikukaa hata saa 20. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alinijibia maswali mawili na alama zikapanda. Nilipouliza habari ya kazi Korea, wakala akasema nilipie "daraja la juu" kwanza. Simu zangu sasa hazipokei.

Lakini lililonifanya nikuandikie si hilo. Juzi yule wa vitenge alisema, "I have seen him yesterday." Nikamwambia ni kosa, sema "I saw him yesterday." Akaniuliza, "Kwa nini, Mama?" Nikakwama. Miaka 31 nimepiga barua za Kiingereza za wakubwa, nimewasahihishia makosa kimyakimya, lakini sababu sikuwa nayo. Nikamwambia Kiingereza ndivyo kilivyo. Aliandika kwenye daftari, ila nilimwona usoni hakuridhika. Usiku sikulala vizuri.

Nimesikia kuna kozi ya kweli, ya Cambridge, ghali. Je, nichote kwenye kiinua mgongo nikaisome? Baba watoto anasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba nitaenda kukaa darasani na watoto wa miaka 24 wanicheke. Halafu matamshi yangu ni ya Kiha kabisa, siyo ya BBC. Nimechelewa?

Mama Mstaafu, Kigoma

*

Marahaba mdogo wangu. Poleni na kikokotoo.

Nitaanza na huyo wa vitenge, hao wengine watasubiri.

Alikosea kwa sababu kichwani mwake kuna Kifaransa. Mfaransa husema "je l'ai vu hier", na ukilitafsiri hilo kipande kwa kipande unapata "I have seen him yesterday" kama alivyosema. Kifaransa kinaruhusu umbo hilo likae na "jana", Kiingereza kinakataa. Ukishataja muda uliokwisha, yaani jana, Jumatatu au mwaka 2019, lile "have" linaondoka. Sasa jisikilize wewe mwenyewe ukiongea Kiswahili. Unasema "mzigo umefika" mtu akitaka kujua hali ya sasa hivi, lakini siku ikitajwa unasema "mzigo ulifika Jumatatu". Ni -me- na -li-. "The goods have arrived", "the goods arrived on Monday". Sababu ulikuwa nayo mdomoni tangu unajifunza kuongea, hakuna aliyekuonyesha kwamba ni sababu. Wanafunzi wako Kiswahili wanakijua, kwa hiyo Jumatano waandikie sentensi hizo nne ubaoni, mbili za Kiswahili na mbili za Kiingereza, uone watakavyokodoa macho.

Ila usiisukume mbali sana, itakuangusha. "Amelala" kwa Kiingereza si "she has slept", ni "she is asleep". -me- yetu ina kazi nyingine ya kueleza hali, na hapo njia zinaachana. Hilo nalo litakuja kuulizwa, na safari hii utakuwa unalijua.

Umeona tulichofanya? Kujua Kiingereza ni kitu kimoja. Kujua kwa nini Kiingereza kinafanya kinachofanya ni kitu cha pili. Cha tatu, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote, ni kumfanya mtu mwingine aseme bila wewe kumsemea. La kwanza unalo. La pili unaweza kulipata kibarazani kwako kwa kitabu cha sarufi chenye majibu nyuma na subira. Kozi ya kweli unailipia kwa ajili ya la tatu.

Nikupe kisa changu, maana nami nilikuwa mzee. Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka 26 hapa nchini. Nikiwa na miaka 54 nilikwenda London kwa binti yangu kulea mjukuu, na mtoto alipoanza kwenda chekechea nikaingia kozi ya Trinity, bodi ya mitihani ya huko, ile wanayoiita CertTESOL, ndugu yake na ile ya Cambridge uliyoisikia, ambayo jina lake ni CELTA. Nilidhani nakwenda kuchukua karatasi tu. Somo langu la kwanza la kupimwa lilikuwa la dakika 40, wanafunzi tisa, watu wazima: Wapolandi, Wabrazili, mama mmoja wa Kisomali. Nikasimama, nikafundisha kama nilivyofundisha siku zote. Ubao ulipendeza. Nikauliza "Do you understand?" wakaitikia "Yes!" nikaridhika, kama sisi tunavyouliza "Tumeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo".

Baada ya somo mkufunzi, kijana anayetosha kuwa kitinda mimba wangu, aliniwekea mezani karatasi aliyokuwa akiandika huku ameangalia saa. Kati ya dakika 40, mimi nilikuwa nimeongea 31. Wanafunzi tisa waligawana tisa zilizobaki. Akauliza kwa upole, "Unajuaje kwamba walielewa?" Sikuwa na jibu. Siku hiyo nilipitiliza vituo vitatu vya basi.

Nilichofundishwa wiki zilizofuata kinaonekana kidogo, lakini kiligeuza kazi yangu yote. Usiulize "mmeelewa?" Uliza swali ambalo asiyeelewa hawezi kulijibu. Umefundisha "I used to sell fish"? Uliza: zamani niliuza samaki? Ndiyo. Leo nauza? Hapana. Akijibu hayo mawili sawasawa, ameelewa. Akibabaika, hata angeitikia "yes" mara mia, bado.

Trinity wana jambo moja ambalo hadi leo nalikumbuka kuliko yote. Wanakufundisha lugha usiyoijua kabisa, jumla ya saa nne, nawe unaandika shajara ya ulivyojisikia. Sisi tulipewa Kituruki. Mwalimu aliingia, akainua tufaha, akasema "elma". Akauliza "Bu ne?" Hakutamka neno moja la Kiingereza saa nzima. Mimi, mwalimu wa miaka 26, nilikaa nikiomba asiniangalie. Ndipo nikawakumbuka wale watoto wa mstari wa nyuma niliokuwa nawaita wazembe.

Sasa cheti chako cha siku kumi na moja. Hakina thamani ya kazi, mdogo wangu, na hizo 380,000 zihesabu kuwa zimekwenda. Usimlipe tena huyo wakala hata senti kwa hilo "daraja la juu". Biashara ya vyeti vya "saa 120" ni kubwa, kwa sababu 120 ndizo saa za chini za CELTA, kwa hiyo kila mwenye kompyuta ameichukua namba hiyo na kuibandika kwenye karatasi yake. Wapo wenye kozi nyepesi za halali zinazokufundisha mawili matatu, siwatii wote kapu moja. Lakini ukitaka kumpima yeyote, muulize swali moja: nitafundisha wanafunzi halisi saa ngapi, na nani atakaa nyuma ya darasa kunitazama? CELTA jibu ni saa sita, wanafunzi wa viwango viwili tofauti, mkufunzi yupo nyuma anaandika. Trinity ni saa sita vilevile. Juu yake kuna saa za kuwatazama walimu wazoefu wakifundisha, na kazi za kuandika, ambazo kwa CELTA ni nne. Mtihani wa mwisho wa kukaa chumbani hakuna. Zote mbili ni ngazi ya 5 katika mfumo wa sifa wa Uingereza, na zimo kwenye rejista ya Ofqual, msimamizi wa sifa huko, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni akatafuta jina. Wakala wako ukimuuliza habari za rejista atakuambia mtandao unasumbua.

Umri? Hakuna kikomo cha juu. Kuna usaili kabla, na kazi ya kujaza nyumbani inayopima kama unaiona lugha au unaisema tu. Wanataka Kiingereza cha juu, C1 kwenda C2, yaani ngazi mbili za juu kabisa kwenye kile kipimo cha Ulaya cha viwango vya lugha, lakini mahali ulipozaliwa hawaulizi. Matamshi ya Kiha hayakuzuii mradi unaeleweka na unatofautisha "live" na "leave". Mambo haya yalianzishwa na mtu na mkewe, John na Brita Haycraft, waliofungua shule ya lugha Córdoba, Hispania, mwaka 1953, na mwaka 1962 wakaanza London kozi fupi ya kuwaandaa walimu. Kozi hiyo ndiyo iliyozaa hii CELTA. Ilikusudiwa watu wanaokijua Kiingereza na hawajui kukifundisha. Yaani wewe, na kwa aibu yangu, mimi.

Kwa Korea, mwambie kijana wako Dubai nimesema asante kwa nia njema. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, wanawapa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Ungekuwa na Kiingereza cha malkia mwenyewe, pasipoti yako ingekurudisha uwanja wa ndege. China nao wanataka shahada, na wanaangalia umri. Mimi sipendi utaratibu huo, nadhani ni ubaguzi uliovaa tai, lakini wewe huna miaka ya kugombana na balozi za watu.

Tena Korea ya nini? Hesabu nilizofanya kwa barua yako ni hizi. Rwanda na Burundi waliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Watu wazima waliokulia kwenye Kifaransa, wenye mizigo, makaratasi ya forodha na wasambazaji wa Guangzhou, wanashuka kwenye boti pale Kibirizi kila siku. Na mwalimu wa London hawezi kuwasaidia kama wewe. Yeye atamsikia mwanafunzi akisema "my mother, he is sick" ashangae. Wewe unajua ni "yeye", ambayo haina mume wala mke. Atamsikia akisema "I have thirty years", asijue kwamba Kifaransa na Kiswahili wote wawili wanakuwa "na" miaka. Na akikuambia "I attended you two hours at the port", jua hakuhudhuria kitu, alikungoja: "attendre" ya Kifaransa ni kungoja. Anza daftari la makosa ya namna hii. Likifika kurasa thelathini utakuwa na kitu ambacho hakuna kozi itakuuzia.

Fedha. Wanafunzi saba kwa 3,000 mara tatu ni 63,000 kwa wiki, tuseme 250,000 kwa mwezi kama wote wanafika, na mwezi wa mvua hawatafika wote. CELTA katika vituo vingi vya Uingereza inazidi pauni 1,500, yaani inakaribia shilingi milioni 5 na kuendelea. Hiyo ni miezi 20 ya kibaraza. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, kiinua mgongo usikiguse. Si kwamba kozi haifai. Inafaa sana. Lakini ukiisoma leo utaisoma kwa hofu ya fedha ya uzeeni, na mwenye hofu hiyo hathubutu kukosea, wakati mle ndani kazi ni kukosea mbele za watu.

Fanya hivi. Gawa darasa lako mara mbili, wanaoanza na wanaoongea kidogo. Hao wanaofanya biashara na China watoze 5,000, wataweza, anayelipa kontena hashindwi elfu mbili. Hiyo nyongeza weka pembeni, usiiingize jikoni. Wakati huo jifunze bure: British Council wana tovuti ya walimu, TeachingEnglish, yenye masomo na mazoezi yasiyo na malipo. Na kila wiki rekodi somo moja kwa simu yako, usiku uhesabu dakika zako na zao. Inauma mara ya kwanza. Ukifika siku unaongea chini ya nusu, na akiba imetosha, omba CELTA ya mtandaoni ya muda mrefu, siyo ya wiki nne. Tangu 2020 inaruhusiwa kusoma yote kwa mtandao, na unafundisha wanafunzi halisi kwa Zoom. Ile ya wiki nne inakula mtu, nimewaona vijana wa miaka 25 wakisinzia kwenye viti. Ila hakikisha umeme na bando, somo la kupimwa halisubiri mgao.

Kumbuka pia kwamba cheti hicho hakikufanyi mwalimu wa shule ya msingi wala sekondari, huko wanataka stashahada au shahada ya ualimu. Na siku ukitaka kutoka kibarazani na kuweka kibao barabarani, pitia halmashauri kwanza uulize leseni, kabla wao hawajakupitia.

Shemeji naye anajibika. Samaki mkunje angali mbichi, sawa. Lakini yeye ni mtu wa Kigoma, anajua bei ya dagaa mbichi na bei ya dagaa aliyekaushwa vizuri. Darasani kwangu vijana walijua istilahi zote za sarufi. Mwanafunzi mmoja mtu mzima alipoanza kulia katikati ya zoezi la kuelezea familia, wote walitazama karatasi zao. Ni mimi niliyevuta kiti. Hawakunicheka. Walikuwa wanakuja kukaa karibu nami wakati wa chai.

Jumatano baada ya somo la -me- na -li-, niandikie. Nataka kujua huyo wa vitenge alisema sentensi ngapi, na wewe ngapi.